Tuzo ya gari kuukuu ipelekwe Garissa

Tangu 1970 wapenzi wa magari ya zamani kule Nairobi wana sherehe yao, Concours d'Elegance, inayoandaliwa na klabu ya wenye Alfa Romeo. Magari hupangwa uwanjani, majaji wanachungulia injini hadi uvunguni, na uchafu kidogo tu unakupunguzia alama. Tena tangu 2003 kuna East African Safari Classic, ambapo magari ya zamani hutimuliwa vumbini kukumbuka mbio zilizoanza 1953. Sina ugomvi nao. Kila mtu na starehe yake!

Ila mimi ningekuwa jaji, tuzo ningeipeleka Garissa.

Kule Kaskazini Mashariki gari la miaka thelathini si pambo. Linabeba maji, wagonjwa na mbuzi wanaokwenda soko la mifugo. Chukua Land Cruiser za 70, zilizoanza kuuzwa 1984. Injini yake ya dizeli iitwayo 1HZ, silinda 6 na lita 4.2, ilikuja 1990. Ndani yake hakuna kompyuta ya kuamua dizeli iingie kiasi gani. Kazi hiyo hufanywa na pampu ya chuma inayozungushwa na injini yenyewe. Ikianza kukohoa, fundi anatumia sikio, mkono na spana: anaangalia chujio, hewa kwenye mirija, nozeli. Sisi waandika programu tungesema msimbo wake uko wazi. Anayetaka kuusoma, anausoma.

Sasa linganisha na gari la kisasa. Lina kompyuta kadhaa zinazozungumza zenyewe kwa zenyewe. Sensa moja ikifa, gari linaweza kukataa kukimbia hadi mashine isome kosa. Tundu la kuchomeka mashine hiyo lipo: Marekani ililazimisha OBD-II kwa magari mapya tangu 1996, na nchi nyingi zikafuata. Lakini kinacholazimishwa hapo ni habari za moshi hasa. Mengine, kwa mfano kuliandikisha gari ufunguo mpya, kiwanda huyafungia ndani ya programu ya kulipia.

Nairobi na mashine zake iko zaidi ya kilomita 350 kutoka Garissa. Novemba 2023, mafuriko ya El Niño yalipokata barabara pale Madogo, hata hizo kilomita hazikupitika. Na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, magari yanayokuja yanazidi kuwa ya kompyuta. Fundi wa Garissa anafungiwa mlango polepole, na abiria wake atabaki porini.

Mtaniuliza, wewe mtu wa kompyuta unachukia kompyuta? Hata kidogo! Kompyuta inayopima dizeli vizuri inapunguza moshi na mafuta. Ninachopinga ni kufuli. Mwaka 2012 wapiga kura wa jimbo la Massachusetts, Marekani, waliunga mkono sheria ya kuwataka watengenezaji wa magari wawape mafundi wa nje habari za matengenezo wanazowapa wauzaji wao. Bunge letu linaweza kufanya hivyo pia, na anayehitaji zaidi sheria hiyo ni fundi aliye mbali na Nairobi.

Wakati tunasubiri, tuwe na mkutano wetu wa magari makuukuu, Garissa, kando ya Tana. Alama zitolewe kwa miaka ya kazi, na kwa fundi anayefufua injini kwa vifaa alivyo navyo. Vijana wa programu wakae chini ya mti na laptopu zao, waandike kwa Kiswahili na Kisomali kila anachoeleza fundi, kisha wakiweke wazi kwa wote. Ujuzi ule sasa umo vichwani mwa wazee, na kichwa hakina nakala ya akiba.

Klabu ya namna hiyo ada yake nitalipa. Nanyi mwasemaje?