Samehe kafunga mdomo, sisi je?

Najua wewe ni mshabiki wa sinema za mateke na risasi, lakini leo nivumilie kidogo. Nataka tuongelee "Maangamizi" ya mwaka 2001, kazi ya Mtanzania Martin Mhando na Mmarekani Ron Mulvihill. Ndiyo sinema ya kwanza Tanzania kuipeleka kugombea Oscar.

Stori iko hivi. Daktari wa akili, Mmarekani mweusi aitwaye Asira, anakuja kufanya kazi hospitalini hapa nchini. Anakutana na Samehe, mgonjwa asiyetoa hata neno tangu utotoni alipomwona mama yake akiteketea kwa moto. Anayemcheza ni Amandina Lihamba, yule profesa wa sanaa za maonyesho, na macho yake yanasema kuliko midomo ya wengi. Halafu kuna Maangamizi mwenyewe, bibi wa mizimu. Ya jana na ya leo yanachanganyika mpaka hujui kama unatazama ndoto au kumbukumbu. Si stori ya kwenda A mpaka Z! Daktari aliyekuja kutibu anajikuta naye ana kidonda chake.

Hapo ndipo iliponichoma mimi mtu wa Tabora. Mji wetu ulikuwa njia panda ya misafara ya kwenda Bagamoyo. Wanyamwezi walibeba mizigo kwa ujira, na hilo tunalisimulia kwa majigambo. Mgeni akija tunampeleka Kwihara kuona tembe la Livingstone. Sasa wale waliopita na minyororo shingoni? Na wale waliobaki hapahapa, wakaoa, wakazaa? Muulize kijana wa Isevya au Gongoni babu wa babu yake alitoka wapi, atakwambia "sijui", kisha anahamia kwenye mpira. Mzee naye ukimbana anakohoa tu. Neno "mtumwa" halitajwi, hasa posa ikiwa njiani.

Siwalaumu wazee wetu. Ule ukimya uliwasaidia kuishi na majirani bila kunyooshewa vidole. Ila sisi wajukuu tumerithi kufuli bila ufunguo. Jina la yule mgonjwa lenyewe ni Samehe. Haya, utasamehe vipi jambo usilolijua?

Ukiipata sinema hii, itazame na bibi au babu nyumbani. Ikiisha, usikimbilie kubadilisha mkanda. Kaa kimya wewe, yeye aongee.

Wiki ijayo tunarudi kwenye mateke, nakuahidi!