Mzazi, Usingoje Mtoto Abalehe

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ulitaja umri mdogo kabisa ambao Wakenya huanza kutumia vilevi: tumbaku miaka 6, pombe 7, bangi 8. Mzazi wa Kitengela anayengoja mwanawe abalehe ndipo amkalishe kitako wayazungumze haya, amechelewa.

Visingizio tunavijua. Baba hupanda matatu ya Nairobi kabla hakujapambazuka, mama yuko zamu kwenye viwanda vya EPZ Athi River, na jioni foleni ya Mlolongo huwarudisha mtoto kashalala. Ni kweli tupu. Lakini Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa mtoto haki ya kulelewa na kulindwa na mama na baba kwa usawa, wawe wameoana au la, wala hakikumsamehe aliyekwama barabarani. Jumamosi ipo.

Wajibu huo hautimizwi kwa vitisho. "Nikikushika na bangi utanitambua" humfunza mtoto kuficha, basi. Muulize mkichambua sukuma wiki: muguka unauzwa wapi njiani kwenda shule? Nani amewahi kukupa peremende usizozijua? Kisha nyamaza umsikilize, hata akimtaja mtoto wa jirani yako mnayesali naye. Na ukikuta pakiti ya kuber, ile tumbaku ya kuweka mdomoni, kwenye mfuko wa suruali unayofua, usiitupe kimya kimya ukadhani umemaliza kazi.

Wapo wanaosema haya ni ya mwalimu na mchungaji. Wazee wa Kimaasai wa Kajiado hawakumwachia mtu kazi hiyo: pombe ya asali ilikuwa ya wazee, moran, yaani kijana shujaa, haigusi, na mpaka huo kila kijana aliujua. Leo mzazi anamtuma mtoto dukani akamletee chupa! Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 inakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18. Mzazi huyo anamfundisha mwanawe kuivunja, tena kwa pesa zake mwenyewe.

Walimu wakuu nao wasijitoe. Mikutano ya wazazi huanza na karo na kuishia kwa matokeo ya mtihani. Muhula ujao itengwe nusu saa, mshauri nasaha awaonyeshe wazazi namna ya kuanzisha mazungumzo haya, na kila mmoja aondoke na nambari 1192 ya NACADA, isiyolipishwa. Baba asipofika, aitwe tena, kama anavyoitwa akiwa na deni la karo.