Utafiti Uliofanywa Rusinga Urudi Rusinga

Msomaji, kila mwaka vyuo vikuu vya Ulaya huchapisha makala mengi kuhusu magonjwa ya Afrika. Makala hayo aghalabu hutokana na damu ya wananchi wa kawaida, wakiwemo wavuvi na wakulima wa sehemu kama Homa Bay na Migori. Chuo hupata sifa na mtafiti hupata shahada. Je, yule mama aliyekubali mwanawe adungwe kidole huambiwa lini kilichoonekana?

Nauliza hivyo nikiwa daktari, wala simo miongoni mwa wale wanaodai kwamba kila mzungu mwenye chupa ya damu ni mwizi. Tunauhitaji utafiti. Uchunguzi wa kitaifa wa malaria wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba watoto 6 katika kila 100 nchini Kenya walikuwa na vimelea vya malaria, lakini katika eneo la Ziwa Victoria walikuwa 19. Tofauti hiyo ndiyo inayojaza wadi zetu za watoto kila msimu wa mvua.

Hebu tutazame kisiwa cha Rusinga, kilichoko karibu na Mbita, kaunti ya Homa Bay. Kati ya mwaka 2012 na 2015, Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi, kikishirikiana na kituo cha icipe na wataalamu kutoka Uswisi, kilijaribu mtego wa mbu unaotumia harufu inayofanana na ya binadamu. Mbu hufuata harufu hiyo akidhani amempata mtu wa kumnyonya, kisha feni ndogo humvuta ndani. Umeme ulitoka kwenye sola iliyowekwa juu ya paa, na sola hiyo hiyo iliwapa wenyeji taa na nafasi ya kuchaji simu. Mtego wenyewe uliitwa Suna, neno ambalo kwa Kijaluo maana yake ni mbu.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la Lancet la Uingereza. Katika sehemu zilizowekewa mitego, idadi ya watu wenye vimelea ilikuwa chini kwa asilimia 29.8 ikilinganishwa na sehemu zilizokuwa bado hazijawekewa. Na hayo yalionekana ingawa watu walikuwa wakitumia vyandarua tayari. Hiyo si kazi ndogo.

Mfano wa pili ni wa mwaka 2020, wakati icipe na Chuo Kikuu cha Glasgow cha Scotland walipotangaza kwamba baadhi ya mbu wa kando ya Ziwa Victoria wana kijidudu kiitwacho Microsporidia MB. Kijidudu hicho hakimdhuru sana mbu, lakini humzuia asibebe vimelea vya malaria, na mbu jike hukirithisha kwa mayai yake. Huenda siku moja tukakitumia kama silaha. Jambo hili liligunduliwa ziwani kwetu, lakini ni wangapi kati ya wanaoishi ziwani wamelisikia?

Utaambiwa kwamba makala hayo yanaweza kusomwa na mtu yeyote. Ni kweli, mradi mtu huyo awe anajua Kiingereza cha kitaalamu na takwimu za chuo kikuu. Muuguzi wa zahanati anayehudumia foleni tangu asubuhi hana nafasi hiyo, na mzee wa kijiji hana kabisa. Matokeo yasiyowafikia wawili hao hayajafika.

Madhara yake hayaishii kwenye heshima tu. Mwananchi asiyeambiwa alichochangia hujazwa uvumi, na mtafiti anayefuata hukuta mlango umefungwa. Mlango huo huo ndio anaobisha mhudumu wa afya wa kijiji anapoleta habari za chanjo. Chanjo ya malaria ilizinduliwa nchini Kenya mwezi Septemba mwaka 2019 huko Ndhiwa, Homa Bay, na Migori ikawa miongoni mwa kaunti za majaribio. Katika Kenya, Ghana na Malawi, vifo vya watoto waliofikia umri wa kuchanjwa vilipungua kwa asilimia 13. Lakini chanjo hiyo inahitaji dozi nne, na ya nne huja wakati mtoto amekwisha kuanza kutembea. Mama aliyeelezwa vizuri ndiye atakayerudi.

Azimio la Helsinki, ambalo ni mwongozo wa madaktari wa dunia nzima, linasema kwamba anayeshiriki katika utafiti apewe nafasi ya kujulishwa matokeo. Tangu mwaka 2013 huduma za afya ziko chini ya serikali za kaunti. Basi kaunti zisikubali kuwa wenyeji wa kutandika vitanda tu. Kabla ya mradi kuanza, zidai mambo matatu. Kwanza, matokeo yaelezwe barazani kwa Kijaluo, Kikuria na Kiswahili, hata kama ni mabaya. Pili, nakala fupi ya lugha nyepesi ipelekwe kila zahanati ya eneo hilo. Tatu, ijulikane mapema nani atakayenunua betri mpya ile ya kwanza ikifa, maana betri ya sola haidumu milele.

Gharama ya haya ni ndogo mno ukiilinganisha na bajeti ya mradi wowote wa Ulaya. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

Nawe msomaji wa mjini, una jamaa kule nyumbani. Ukienda likizo, waulize kama wamewahi kutolewa damu ya utafiti, na kama waliambiwa lolote baadaye. Wafundishe kuuliza kabla ya kutia sahihi: mnatafuta nini, damu yangu itapelekwa wapi, na mtarudi lini kutuambia? Mtafiti mwaminifu hatakasirika. Na ukimkuta mtoto ambaye hajapata dozi ya nne, usisubiri baraza. Mpeleke kliniki.