Mimba changa haisubiri tumbo lionekane

Huku Idodi, mama mwenye watoto watatu akikosa hedhi hana hata nafasi ya kujiuliza. Alfajiri anateka maji, mchana yuko shamba la mpunga, jioni anapuliza kuni huku kichefuchefu kimemkaba. Uchovu anausingizia kazi, homa anaiita malaria, kisha anamtuma mtoto dukani kununua dawa. Kliniki atakwenda tumbo likishaonekana, kwa haya au kwa kuogopa maneno ya watu.

Kwa maoni yangu, hatari inaanzia hapo. Uti wa mgongo wa mtoto huwa umeshafunga siku ya 28 hivi tangu mimba kutunga, na foliki asidi husaidia ufunge vizuri. Kwa hiyo anayetarajia kuzaa tena aanze vidonge hivyo kabla ya kushika mimba. Shirika la Afya Duniani nalo lilielekeza mwaka 2016 kwamba hudhurio la kwanza liwe kabla ya wiki 12, na mahudhurio yote yawe 8 badala ya 4.

Mama, hedhi ikipita, nenda kapime. Homa ipimwe, usimeze dawa kwa kukisia. Ukitoka damu, ukiumwa tumbo upande mmoja au ukitapika hata maji, usingoje kesho.

Na wewe baba, Suratu Luqman aya ya 14 imetaja tabu ya mama anayebeba mimba. Ukishaisoma, beba ndoo ya maji, kisha msindikize kliniki.