Usisinye karatasi usiyoielewa

Kila mara mwenzetu anatoka mu kasho, tunamuuliza: ulisinya nini? Jibu ni lile lile: "Sijue, ilikuwa mu Kifaransa. Waliniambia nisinye tu, nitatoka."

Hapo ndipo shida inaanzia. Karatasi inaamua maisha yetu, lakini maneno yake hatuyaelewe. Tuelezane basi.

"Garde à vue" ni kufungiwa kwa polisi wakati wa uchunguzi. Kifungu cha 18 cha Katiba kinasema isipite masaa 48. Tena unapashwa kuambiwa palepale sababu ya kukukamata, mu lugha unayoelewa.

"Procès-verbal", ile tunaita PV, ni maandishi ya yale ulijibu ulipoulizwa. Saini yako inasema: ndiyo, mimi nilisema hivi. Omba kwanza wakusomee kwa Kiswahili.

"Caution" ni feza unaweka ili ufunguliwe ukingojea kesi. Si malipo ya kosa, wala si soda ya mukubwa. Kama unafika kila mara unaitwa, inarudishwa. Kwa hiyo dai risiti.

"Certificat d'enregistrement" ni ya parseli. Kwa sheria ya 1973, udongo ni wa Serikali; haki yako ya kuutumia inathibitishwa na hiyo certificat. Karatasi ya mauzo peke yake haitoshe. Ni familia ngapi zimelipa, zikajenga, halafu mwingine akakuja na certificat mukononi?

Wengine watasema: Kifaransa ndiyo lugha ya kazi, vijana wasome. Sawa, tusome. Lakini mama anayeuzisha makala sokoni, naye arudie masomo mbele ya kulinda parseli yake? Kifungu cha 142 cha Katiba kinaagiza Serikali ieneze kila sheria kwa Kifaransa na mu lugha zote nne za taifa, ndani ya siku 60 kisha kutangazwa. Kiswahili ni moja ya hizo nne. Katiba hiyo ni ya 2006. Hatuombe zawadi, tunadai deni.

Tukingojea, kila mmoja wetu aelezee watu wawili wa avenue yake haya maneno manne. Na siku watakuwekea kalamu mukononi, uliza kwanza: hii inasema nini?

Kuuliza si kiburi. Ni haki ya raia.