Futa nusu ya plagini zako

Wasee wenye maduka mtandaoni, leo ni zamu yenu, na najua kuna watakaoninunia.

Kuna dada hapa Takaungu anauza madera, leso na mafuta ya nazi. Duka lake la mtandaoni lina bidhaa kumi na moja. Plagini je? Thelathini na nne. Yaani tatu kwa kila bidhaa na chenji inabaki. Kuna moja ya kuhesabu dakika ati ofa inaisha, ukifunga ukurasa na kuufungua tena hesabu inaanza upya. Kuna nyingine inaleta kijisanduku kusema mtu wa Chicago amenunua dera sasa hivi, wakati dada hajawahi kutuma mzigo hata Nakuru. Na kuna ya kumwaga theluji kwenye skrini kila Desemba. Theluji! Takaungu! Desemba, wakati jua linakausha papa kwa siku moja!

Sikumlaumu yeye. Aliona video za "plagini 20 ambazo duka lako haliwezi kukosa". Sisi tunaotengeneza kontenti ndio tunaoeneza huu ugonjwa, na wengi wetu chini ya video tumeweka linki ya kutulipa kamisheni kila mtu akinunua. Anayekushauri analipwa ukiongeza. Hakuna anayelipwa ukipunguza, ndiyo maana hujawahi kuona video ya kukwambia ufute.

Basi mimi nakwambia ufute.

Kwa wale wa TikTok tu, tuelewane kwanza. WordPress ilitoka 2003 kama mtambo wa kuandikia blogu. Haikujua kuuza hata sindano. WooCommerce, iliyotolewa 2011 na kampuni ya WooThemes ya Cape Town, yenyewe ni plagini, ndiyo inayogeuza blogu iwe duka. Automattic waliinunua 2015. Kwa hivyo ukiwa na duka la WooCommerce tayari umejenga ghorofa juu ya nyumba ya mtu, na kila plagini unayoongeza ni mpangaji mpya. Kitu watu hawakielewi ni hiki: mpangaji huyo hapewi ufunguo wa chumba chake peke yake. Anapewa wa mlango wa mbele. Ile plagini ya theluji ina uwezo wa kusoma majina na namba za simu za wateja wako sawasawa na plagini ya malipo. Na kisheria, tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, wa kuulizwa namba za watu zimekwenda wapi ni wewe mwenye duka. Aliyeandika programu ya theluji yuko kwake, analala.

Sasa tuje kwa plagini ambayo huwezi kuikosa, na ndiyo wengi wanaichukulia kimchezo. M-Pesa.

Safaricom walileta Daraja mwaka 2017, mlango ambao programu za watu wengine zinapitia kuongea na M-Pesa. Mteja akibonyeza "Lipa", duka lako linatuma ombi, Safaricom wanajibu kwamba wamelipokea, kisha simu ya mteja inaleta kile kidirisha cha PIN. Hapo sikiliza vizuri. Kupokea ombi si kulipwa. Ni kama makanga kukupungia mkono, bado hujaingia gari. Jibu lenyewe linakuja baadaye kidogo, linatumwa kwenye anwani ya duka lako, na lina namba ndani yake. 0, amelipa. 1, salio halitoshi. 1032, amekataa mwenyewe. 1037, simu haikupatikana au mteja amechelewa kujibu.

Plagini mbovu zinaharibu hapo hapo. Kuna zinazopata lile jibu la kwanza tu na kuandika oda imelipwa. Unapakia dera kwenye basi la Nairobi, pesa hujaiona. Lakini balaa la kila siku ni lile la pili: pesa imeingia kwenye tili yako, ila jibu halikufika dukani. Labda hosti ilikuwa imezima. Labda cheti cha usalama cha tovuti kimeisha muda na hukujua. Au, na hii nimeiona zaidi ya mara moja, plagini ya ulinzi uliyoiweka jana imewafungia Safaricom nje ikidhani ni wezi. Mteja ana meseji ya M-Pesa mkononi, duka linamwambia hajalipa. Analipa tena. Sasa amelipa mara mbili, na wewe umelala.

Huko mijini hiyo ni "malalamiko ya mteja", utamrudishia pesa na kumpa pole. Huku kwetu mteja anamjua mamako. Atapita nyumbani baada ya alasiri, atasalimu vizuri, atauliza hali za watoto wote, halafu atasema, "Mwanao amenila pesa." Ikifika Magharibi habari imeshavuka mto kwa mashua. Utakuja kueleza eti ni jibu la seva halikurudi? Nani atakusikiliza? Umeshakuwa mwizi.

Kwa hivyo ukiwa na pesa ya kununua plagini moja tu, nunua hiyo. Kabla hujainunua iulize maswali. Jibu lisipofika, je, inakwenda yenyewe kuuliza hali ya malipo? Daraja inaruhusu hivyo, plagini mvivu hazifanyi. Je, inalinganisha kiasi kilicholipwa na bei ya oda? Inahakiki jibu limetoka kweli kwa Safaricom? Kama haihakiki, anayeijua anwani ile anaweza kutuma jibu lake la uongo, na oda ikaandikwa imelipwa. Ni meseji feki ile ile ya M-Pesa tunayoijua sokoni, imevaa suti tu. Na jaribu namba inayoanza na 011. Nimekutana na moja iliyokuwa inazikataa zote, ati namba si sahihi. Mtu ana ganji mkononi na duka linamwambia simu yake haipo duniani!

Halafu kuna plagini za wizi. Kuna machaneli ya Telegram, unayajua, kitu kinachouzwa kwa dola kila mwaka unapewa kwa shilingi mia tatu, kufuli limeshavunjwa. Jiulize huyo mtu anafaidika na nini. Mwaka 2019 Wordfence walichapisha uchunguzi wao kuhusu WP-VCD, kirusi kilichokuwa kikisambazwa ndani ya plagini na themu za namna hiyo, na kikishaingia kwenye tovuti moja kinarukia na nyingine zilizo kwenye hosti hiyo hiyo. Jamaa yangu wa Kilifi aliwekewa kitu kama hicho na fundi aliyemlipa pesa nzima, ya plagini halali. Duka ni la vifaa vya simu. Ukilitafuta jina lake Google, zinatokea dawa za nguvu za kiume. Mkewe ndiye wa kwanza kuona.

Za halali nazo zinatoboka, tusidanganyane. Septemba 2020 File Manager, iliyokuwa kwenye tovuti zaidi ya 700,000, ilikutwa na tundu lililomruhusu yeyote kupandisha faili bila hata nenosiri. Julai 2021 ilikuwa zamu ya WooCommerce yenyewe. Februari 2022 UpdraftPlus, ya kuhifadhi bakapu, iliyo kwenye tovuti zaidi ya milioni 3: mtu mwenye akaunti ya kawaida kabisa angeweza kupakua bakapu yako, na ndani ya bakapu kuna kila kitu. Zote zilirekebishwa haraka. Kuzirekebisha hakumsaidii mtu ambaye duka lake halijasasishwa tangu Idi ya mwaka juzi.

Ndiyo maana idadi ni muhimu. Plagini nane unaweza kuzifuatilia. Thelathini na nne huwezi, utabonyeza "sasisha zote" ukifumba macho, kitu kitavunjika, na hutajua ni kipi. Mimi ninafanya hivi: bakapu kwanza, na isikae kwenye hosti ile ile maana hosti ikienda inakwenda nayo. Kisha nasasisha moja moja, usiku katikati ya wiki. Mwisho ninanunua kwenye duka lenyewe, bidhaa ya majaribio ya shilingi kumi, kwa simu yangu na kwa pesa yangu, mpaka meseji ije na oda ibadilike. Kama haikubadilika, ninajua ni plagini ipi. Kumi la mwisho la Ramadhani, wakati watu wananunua madera ya Idi, siguzi kitu isipokuwa apdeti ya usalama.

Kuna wanaosema haya yote ni ya WordPress, hamia Shopify upumzike. Sawa, seva hutaziosha wewe. Lakini huko nako kuna apu za kuongeza, na nyingi zina bili yake ya kila mwezi. Halafu Shopify Payments haijafika Kenya, kwa hivyo unapitia njia ya malipo ya mtu mwingine, na Shopify wanakata asilimia yao juu yake. Kila kitu kwa dola. Januari 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 160, baadaye mwaka huo ikashuka mpaka kama 129. Dera bei yake haikupanda wala kushuka nayo.

Na usidhani wakubwa wa mtambo wenyewe hawagombani. Septemba 2024 Matt Mullenweg wa Automattic alianza vita na kampuni ya WP Engine. Oktoba, plagini yao ya Advanced Custom Fields ilichukuliwa kwenye ghala la WordPress.org na kupewa jina jipya, na tovuti zilizokuwa zikiitumia zikajikuta kwa mwenyewe mwingine. Desemba mahakama ya Marekani ikaamuru mambo yarudi yalivyokuwa. Fahali wawili hao, nyasi ni duka lako.

Uzito nao. Simu nyingi za wateja wako ni zile za bei nafuu, bando ni ya saa moja. Kila plagini inaburura faili zake, na nyingine inazitoa kwenye seva ya ng'ambo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, Afrika Mashariki nzima intaneti ilitambaa, na kurasa nyepesi ndizo zilizokuwa zikifunguka angalau. Usipime duka lako kwa waifai ya kafe Kilifi. Chukua Tecno ya shangazi yako, zima waifai, nenda ufuoni ambako mtandao unakuja na kwenda, ujaribu kununua dera.

"Basi si nibaki WhatsApp tu?" Kama unapata oda tatu kwa wiki, ndiyo, baki. Katalogi ya WhatsApp na namba ya tili vinakutosha, na ukikutana na mtu anayekwambia vinginevyo angalia kama anauza kozi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, sina cheti cha kukuonyesha. Nina maduka manane ninayoyatunza na simu inayolia saa sita usiku, na matatu kati ya hayo manane wenyewe wangekuwa na amani zaidi wakiuza kwa WhatsApp. Nimeshawaambia. Duka linakuja kuwa na maana pale oda zimekuzidi kuandika kwa mkono, au ukitaka mteja akupate Google bila kukujua, au akaunti yako ikifungiwa usiku mmoja wateja wote wasiondoke nayo.

Ukishakuwa nalo, fungua orodha ya plagini leo. Kila moja, sema kwa sauti inafanya kazi gani. Ukigugumia, izime kwa wiki moja uone kama kuna oda iliyokwama au mteja aliyeuliza. Kama hakuna, ifute kabisa. Kuzima peke yake hakutoshi, faili zake zinabaki kwenye hosti, na kama zina tundu, tundu bado liko wazi.