Kizuri Hakijiuzi

Muuza kahawa wa mtaani anajua jambo ambalo sisi wapenda methali tumelisahau. Kahawa yake ina tangawizi ya kutosha, na makaa yaliyo chini ya birika yanaiweka moto njia nzima. Hata hivyo anatembea akigonganisha vikombe vyake viwili vidogo, tangu kona ya kwanza mpaka baraza la mwisho. Mlio ule ndio unaowatoa watu ndani. Kahawa nzuri iliyonyamaza hupoa birikani.

Nasi tumeshikilia kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tunamwambia hivyo fundi cherehani, tunamwambia mwandishi chipukizi, na siku hizi tunawaambia mabinti wanaotaka kuongoza filamu: fanyeni kazi nzuri, mengine yatakuja yenyewe. Naandika kuipinga imani hiyo. Si kweli, na uongo wake unaumiza watu. Ukishaamini kwamba kizuri hujiuza, huna budi kuamini pia kwamba kisichouzwa hakikuwa kizuri. Hapo aliyeachwa nje anabebeshwa lawama ya kuachwa kwake, na aliyefunga mlango anakwenda zake bila kuulizwa kitu.

Shahidi wangu ni Euzhan Palcy.

Palcy alizaliwa mwaka 1958 Martinique, kisiwa cha Karibi kilichokuwa koloni la Ufaransa na ambacho tangu 1946 ni mkoa wa nchi hiyo. Tangu utotoni alikerwa na sinema alizoziona, ambamo watu wa rangi yake walikuwa watumishi au vichekesho, akaazimia kuwa mwongozaji. Akiwa bado kijana mdogo alitengeneza mchezo kwa ajili ya televisheni ya kisiwani kwao, kisha akaenda Paris, akasoma fasihi Sorbonne na ufundi wa sinema katika chuo cha Louis-Lumière. François Truffaut, mmoja wa waongozaji wakubwa wa Ufaransa, alimtia moyo aendelee.

Mwaka 1983, akiwa na umri wa miaka 25, alitoa Rue Cases-Nègres, iliyotokana na riwaya ya Joseph Zobel. Ni kisa cha José, mvulana yatima wa miaka ya 1930, anayelelewa na bibi yake katika vibanda vya vibarua wa mashamba ya miwa. Filamu hiyo iligharimu chini ya dola milioni moja. Katika tamasha la Venice ilipata tuzo ya Simba wa Fedha, na Darling Légitimus, mama mtu mzima wa zaidi ya miaka 70 aliyeigiza bibi, akatangazwa mwigizaji bora wa kike. Mwaka uliofuata Ufaransa ikampa Palcy tuzo ya César kwa filamu bora ya kwanza.

Hollywood ikamwita, naye akaenda na hadithi aliyoichagua mwenyewe: A Dry White Season, riwaya ya André Brink, Kaburu aliyeandika dhidi ya ubaguzi wa rangi. Palcy hakuridhika kusoma habari za Afrika Kusini akiwa mbali. Aliingia nchini humo kwa siri akijifanya mwanamuziki, akafika Soweto, akasikiliza kwa masikio yake watu waliopitia mateso. Studio ya Warner Bros. ilikuwa na mradi huo kwanza, kisha ikauachia wakati Universal ilipokuwa ikitengeneza Cry Freedom, filamu nyingine kuhusu Afrika Kusini, kana kwamba msiba wa taifa zima ulitosha filamu moja. MGM ikauchukua. Palcy akapiga picha Zimbabwe, akawaweka mbele ya kamera Waafrika Kusini wenyewe: Zakes Mokae, John Kani, Winston Ntshona, Thoko Ntshinga. Marlon Brando, aliyekuwa hajaonekana kwenye sinema kwa miaka tisa, alikubali kuigiza kwa malipo ya chini kabisa yanayoruhusiwa na chama cha waigizaji, na kwa kazi hiyo akateuliwa kuwania Oscar. Filamu ilitoka mwaka 1989, na Palcy akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuongoza filamu ya studio kubwa ya Hollywood.

Sasa tuipime methali yetu. Tuna mwongozaji wa miaka 31, mwenye filamu mbili ndefu. Ya kwanza imeheshimiwa Venice na Paris, ya pili imemrudisha kazini mmoja wa waigizaji wakubwa wa karne. Kama kizuri kingekuwa kinajiuza, mwanamke huyo angekosa nafasi ya kupumua kwa wingi wa kazi. Mwaka 1992 alitoa Siméon, filamu ya muziki na ndoto aliyoitengenezea kwao Karibi. Baada ya hapo alifanya filamu za hali halisi, ikiwamo ya sehemu tatu kuhusu mshairi Aimé Césaire, na filamu za televisheni, ikiwamo Ruby Bridges ya mwaka 1998. Lakini filamu nyingine ya kuigizwa, iliyotengenezwa kwa ajili ya kumbi za sinema, haikuwepo. Novemba 2022, pale Los Angeles, mwigizaji Viola Davis alipomkabidhi Oscar ya heshima, miaka 30 ilikuwa imepita tangu Siméon. Palcy alikuwa ametoka miaka 34 akafika 64. Hiyo ndiyo miaka ambayo mwongozaji huwa na nguvu za mwili na ameshaijua kazi.

Katika hotuba yake ya usiku ule alieleza alivyochoshwa na maneno aliyoambiwa miaka nenda miaka rudi: mtu mweusi hauzi, mwanamke hauzi, na mwanamke mweusi ndiyo kabisa. Lisikilizeni vizuri hilo neno la kuuza. Methali inasema kizuri kitajiuza chenyewe. Wenye duka wanasema hakitauzika, na wanasema hivyo kabla hakijawekwa hata kwenye rafu.

Maana filamu haisafiri kwa miguu yake. Kabla hujakaa kitini na tiketi yako, kuna aliyelipia muswada uandikwe, kuna aliyekubali kutoa fedha za upigaji picha, kuna msambazaji aliyenunua haki za kuionyesha. Msambazaji huyo ndiye aliyeamua ionyeshwe kumbi ngapi, wiki gani, ishindane na filamu ipi, na mabango yabandikwe mangapi. Kwa filamu za studio, fedha za matangazo peke yake zaweza kukaribia gharama za kuitengeneza filamu yenyewe. Katika kila hatua amekaa mtu na kalamu. Filamu ikipewa kumbi chache kwa siku chache, kisha ikaondolewa, huandikwa kwamba watazamaji wameikataa. Watazamaji gani? Wengi hawakujua kwamba ipo.

Najua nitakayojibiwa. Nitaambiwa A Dry White Season haikurudisha gharama zake, kwa hiyo soko limesema na biashara haina undugu. Haya, tulitazame soko hilo. Mwaka 1980 mwongozaji Michael Cimino alitoa Heaven's Gate kwa kampuni ya United Artists. Iligharimu kama dola milioni 44, ikaingiza kama milioni tatu na nusu. Hasara hiyo iliitikisa kampuni hata ikauzwa, na mnunuzi alikuwa MGM. Cimino alisemwa sana, lakini mwaka 1985 alikuwa sokoni tena na Year of the Dragon, iliyosambazwa na MGM/UA, kampuni iliyozaliwa kutokana na anguko lake. Alizipata nyingine tatu baadaye. Simwonei kijicho, fundi huharibu nguo moja akashona nyingine, na ndivyo inavyopasa kuwa. Ninachouliza ni kwa nini hasara ya mwanaume mmoja ilihesabiwa kuwa ya filamu moja, na ile ndogo zaidi ya Palcy ikahesabiwa kuwa ya rangi nzima na jinsia nzima.

Wengine watasema alijitakia, kwa kuwa aling'ang'ania hadithi za watu weusi. Basi tuseme wazi kwamba masharti hayakuwa ubora. Aliyeambiwa aache hadithi za watu wake ndipo apewe kazi hajashindwa mtihani wa kipaji. Ametozwa kodi ambayo mwenzake hatozwi.

Wala Palcy si peke yake. Kathleen Collins, Mmarekani mweusi, alitengeneza Losing Ground mwaka 1982, kuhusu mwanamke msomi wa falsafa na ndoa yake inayoyumba. Alifariki mwaka 1988 akiwa na miaka 46, filamu yake haijawahi kupata nafasi ya kawaida kwenye kumbi za sinema. Iliipata mwaka 2015, baada ya binti yake kushughulikia kuokolewa kwa mikanda yake. Kizuri kilikaa miaka 33 gizani, na hakikujitoa chenyewe. Kilitolewa na mwana. Julie Dash naye alitoa Daughters of the Dust mwaka 1991, kuhusu familia ya Wagullah, kizazi cha Waafrika waliofanywa watumwa kwenye visiwa vya kusini mashariki mwa Marekani. Ikawa filamu ndefu ya kwanza ya mwanamke Mmarekani mweusi kusambazwa kwenye kumbi za nchi nzima, na mwaka 2004 ikaingizwa katika hazina ya taifa ya filamu za Marekani. Kilichofuata kwa Dash kwa sehemu kubwa kilikuwa televisheni. Filamu yake ilifanyiwa ukarabati na kurudishwa kwenye kumbi mwaka 2016, mwaka uleule mwanamuziki Beyoncé alipoazima taswira zake katika albamu yake ya video, Lemonade. Ubora haukuwa umeongezeka hata chembe. Mwenye sauti kubwa alikuwa amegonganisha vikombe.

Hapo ndipo watetezi wa methali hunitajia Ava DuVernay, mwongozaji Mmarekani mweusi. Si yeye huyo amefanikiwa? Amefanikiwa, na mafanikio yake ndiyo ushahidi wangu mkubwa. DuVernay hakuanza kama mwongozaji. Alikuwa mtangazaji wa filamu za wengine, mwenye kampuni yake mwenyewe ya matangazo, na kwa miaka mingi aliona kwa karibu jinsi filamu inavyopelekwa kwa watu au inavyoachwa ife. Alipotengeneza filamu yake ya kwanza ya kuigizwa, I Will Follow, kwa bajeti ya kama dola elfu 50, hakungoja ijiuze. Aliunda ushirika wa usambazaji, akaungana na wenye matamasha ya filamu za watu weusi katika miji mbalimbali, akaiweka kwenye kumbi mwaka 2011. Ushirika huo baadaye ukaitwa ARRAY, na umebeba filamu za wenzake pia. Hiyo ilitangulia filamu yake ya Selma, na ilitangulia bajeti kubwa za studio. DuVernay alijenga njia kabla ya kuipita. Methali yetu ingemwambia kwamba anajitembeza.

Na sisi je? Vijana waliokimbia Afrika Kusini baada ya maandamano ya Soweto ya 1976 ndio waliojengewa shule Mazimbu, Morogoro. A Dry White Season inaanzia kwenye maandamano hayohayo, kwa mtoto aliyepigwa, na kwa baba aliyekwenda kuuliza kwa nini. Ni filamu inayotuhusu kama inavyomhusu mtu wa Johannesburg, na bado sijakutana na wengi waliowahi kuiona. Mwaka 1992 Anne Mungai wa Kenya alitoa Saikati, kuhusu msichana wa Kimaasai anayekimbia ndoa aliyopangiwa. Wangapi kati ya wanaofundisha sinema kwenye vyuo vyetu wamewaonyesha wanafunzi wao? Wangapi kati ya wenye vituo vya televisheni wameitafuta? Tusiseme haikujiuza. Tuseme hatukuinyanyua.

Kiswahili chenyewe hakijafungwa na methali moja. Wafanyabiashara wetu wana usemi wao, biashara matangazo, na huo ndio unaolingana na maisha. Mwenye kituo cha televisheni anayejaza saa za usiku kwa tamthilia za nje amechagua. Mwenye tamasha anayemweka mwongozaji mwanamke kwenye mjadala wa asubuhi na filamu yake saa ambayo watu hawapo, naye amechagua. Nasi tunaotazama tunachagua kila tunapoona kitu kizuri tukanyamaza. Ukiona filamu ya mwanamke ikakugusa, mtaje jina, waambie watu mahali inapoonyeshwa, lipia tiketi, na umuulize mwenye ukumbi lini italetwa nyingine.

Namrudia José, kwa sababu Palcy alitujibu tangu mwaka 1983. José ni mtoto mwenye akili kuliko wenzake. Anafaulu, anapata nafasi ya shule mjini Fort-de-France, na pamoja na nafasi hiyo anapewa robo tu ya ada. Robo tatu iliyobaki inamaanisha kurudi kwenye miwa. Bibi yake anaacha kibanda chake, anahamia mjini, anafua nguo za wenye uwezo mpaka viungo vyake vinaisha nguvu. Na darasani, José anapoandika insha nzuri kupita kiasi, mwalimu anamwita mwizi: haiwezekani mtoto mweusi wa shambani kuandika hivi. Baadaye mwalimu anautambua ukweli, anakuja mwenyewe kuomba radhi, na ufadhili kamili unapatikana.

Insha ilikuwa ileile siku José aliyoitwa mwizi na siku aliyoombwa radhi. Haikuongezwa nukta. Kilichobadilika ni kwamba mtu mwenye kalamu aliamua kuamini alichokisoma, na kwamba mikono ya bibi mzee ilikuwa imemweka mtoto darasani muda wa kutosha ili siku hiyo ifike. Aliyetengeneza filamu hiyo alikuwa na miaka 25, na alijua tayari kwamba kipaji hakijilipii ada. Sisi tuliokuwa na miaka 30 ya kumlipia hatuna ruhusa ya kujificha nyuma ya methali.